Ndege ya Mkwe Haisimami Hewani

Mzee Mutegi wa Githongo, huko Meru, alijifunza kurusha droni akiwa na miaka sitini na sita, na hakuna binadamu aliyemfundisha. Alikaa mezani na kitabu cha maelezo mkono wa kulia, kamusi mkono wa kushoto, miwani puani, wiki tatu mfululizo, mpaka mkewe Makandi akamuuliza kama alikuwa anasomea ukasisi. Siku ya ishirini na mbili akainua kile kidude chenye propela nne juu ya migomba, akakifikisha usawa wa paa la kanisa, kisha akaachilia vijiti vyote viwili vya rimoti na kukunja mikono kifuani.

"Iangalieni," akawaambia majirani. "Nimeiacha. Haiendi popote."

Na kweli haikwenda. Ilisimama hewani ikivuma kama nyuki, ikimsubiri mwenyewe apende. Miaka minne baadaye, hapakuwa na arusi wala harambee iliyofanyika karibu na soko la Githongo bila droni ya Mzee Mutegi kuipiga picha kutoka juu. Mashamba ya kahawa alikuwa ameyapima mengi kuliko anavyoweza kukumbuka. Watu wakamwita Rubani, naye akaitika. Wakati mwingine aliitika hata kabla hajaitwa.

Kijana wake Kirimi, aliyekuwa akifanya kazi ya ofisi mjini Embu, alipompata msichana aitwaye Wanja, binti wa Mzee Nyaga wa Kianjokoma, upande huohuo wa Embu, Mutegi alifurahi. Mwisho wa Septemba watu wa Meru wakajipanga kwenda kubisha hodi. Walibeba walivyobeba, na juu ya vyote Mutegi akabeba droni, ili kikao cha kwanza cha wakwe kipigwe picha ipasavyo.

Nyumbani kwa Nyaga hema lilikuwa limesimikwa kando ya shamba la chai, na chakula kilikuwa cha kushiba na kufungasha. Nyaga mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye shingo ya korongo na kofia isiyotoka kichwani. Alikuwa amefundisha ufundi wa chuma miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mutegi akarusha droni, wageni wakatazama juu, wakapunga mikono, wakacheka. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka baada ya chai, pale Nyaga alipoingia bandani na kutoka na ndege.

Ilikuwa ndege ya manjano, mabawa yake mapana kama mtu aliyenyoosha mikono. Alikuwa ameiunda mwenyewe, kwa yale mabamba meupe mepesi yanayozungushiwa televisheni mpya ndani ya katoni, pamoja na vijiti vya mwanzi na gundi. Aliiweka kwenye njia ya kuingilia magari, akasukuma kijiti, nayo ikakimbia, ikainua pua, ikapaa. Ikapita juu ya chai, ikalala upande mmoja, ikazunguka, ikarudi juu ya hema ikinguruma. Watu wote wakasimama. Hata wapishi waliacha masufuria.

Droni ilikuwa imekaa mezani kama sahani isiyo na chakula.

Mutegi akaitazama mara moja. Akasimama, akarekebisha koti, akasema kwa sauti ya kusikika hema zima, "Muthoni wangu, hiyo nipe niijaribu. Yangu ina propela nne, hiyo yako ina moja. Aliyechunga ng'ombe wanne atashindwaje na mmoja?"

Watu wakaangua kicheko. Nyaga hakucheka. Aliitazama ndege yake angani, akamtazama Mutegi. Muthoni ni mkwe, na huko kwao mkwe ni mtu wa kuheshimiwa mpaka mgongo uume. Humpazii sauti. Huli mkitazamana. Na akikuomba kitu mbele za watu, humnyimi. Jambo moja tu ambalo Nyaga angepaswa kusema ni "hapana", na hilo ndilo neno moja ambalo hakuweza kulitamka.

"Karibu, muthoni," akasema, akampa rimoti.

Kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, Mutegi aliendesha vizuri. Ndege ilikwenda mbele, naye akatabasamu. Kisha ikageuka kuja upande wao, ikainamisha bawa, naye akasukuma kijiti upande ule ambao kwa macho yake ulikuwa sahihi, nayo ikainama zaidi. Akaona mambo yameanza kuharibika. Basi akafanya kile mikono yake ilichozoea kufanya kwa miaka minne kila mambo yanapoharibika: akapunguza moto, yaani nguvu ya propela, mpaka mwisho, akaachilia vijiti vyote viwili, akasubiri isimame hewani.

Ndege ikatulia kidogo, kama mtu aliyesahau alichokuwa anasema. Halafu ikaanguka.

Ilipita chini ya ukingo wa hema, ikakinyakua kitambaa cha kichwa cha Mama Rwamba, dada mkubwa wa Nyaga, mwanamke wa miaka themanini aliyekuwa ameketi kiti cha mbele. Ikaenda nacho hadi kwenye tangi la maji la bati. *Ngoo!* Tangi likalia kama kengele ya shule. Vipande vya manjano vikanyesha juu ya majani.

Mama Rwamba aliinua mkono polepole, akagusa mvi zake zilizokuwa wazi mbele ya wageni wa Meru.

"Nani aliyeirusha?" akauliza, ingawa alikuwa amemwona.

"Ni mimi, Mama," Mutegi akasema. "Nitailipa. Hata sasa hivi nita..."

"Weka pochi yako mfukoni. Nimeuliza bei?" Mama Rwamba aligeukia wasemaji wa pande zote mbili. "Nyinyi mmekuja kuomba mtoto wetu. Mtu anayeomba mtoto wa watu huwa anaonyesha kwamba akipewa kitu kizima, kitakaa kizima. Haya tumeona. Mkono ulioangusha hiki kitu ndio utakaokirusha tena, hapa Kianjokoma, mbele ya macho yangu, na kitue salama. Siku hiyo tutaongea. Kabla ya hapo hakuna cha kuongea."

"Tata," Wanja akamwambia shangazi yake kwa sauti ndogo, "arusi ni Desemba. Kanisa tumeshalipanga."

"Basi huyo baba mkwe wako ana Oktoba na Novemba."

Safari ya kurudi nyumbani ilikuwa ndefu. Kirimi aliendesha pikapu, macho barabarani. Mutegi alishikilia gunia la vipande mapajani. Walipopita Chuka, Makandi, ambaye alikuwa amenyamaza tangu Embu, akatazama dirishani na kusema, "Ng'ombe wanne." Hakuongeza kitu mpaka Githongo.

Sasa kilichokuwa mezani kilikuwa arusi ya mtoto, si ndege tu. Mutegi alilijua hilo kila alipomwona Kirimi akiongea kwa simu nyuma ya nyumba kwa sauti ya kubembeleza. Mwanzoni alitumia njia aliyoijua. Akanunua gundi, akatafuta katoni za televisheni, akafungua kitabu na kamusi. Kwa wiki mbili akaunda kindege cha kujifunzia, akakipeleka juu ya kahawa, akakirusha. Kikienda mrama tu, vidole vyake vinaachilia. Kila vikiachilia, kinaanguka. Mikono ilikuwa imesoma somo moja vizuri mno, na haikutaka kusoma la pili. Mara ya sita, Makandi alikiokota kindege kati ya mibuni, akamletea akiwa amekishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

"Rubani," akasema, "kuna mtu mmoja anayejua kazi hii. Ana shingo ndefu na anakaa Kianjokoma."

"Nimpigie mkwe niliyemvunjia ndege, nimwombe anifundishe kutoivunja?"

"Au umpigie padri umwambie arusi haipo. Simu ni moja. Chagua namba."

Simu ile ilimkwama Mutegi kooni siku mbili nzima. Siku ya tatu akaipiga. Upande wa pili Nyaga akasema, "Karibu, muthoni. Alhamisi."

Milima ya Kianjokoma haina mahali pa kufundishia mtu kuanguka, kwa hiyo wakateremka hadi nyanda za Mbeere, ambako kulikuwa na malisho mapana, nyasi fupi, migunga michache na upepo wa kueleweka. Nyaga alikuja na ndege mbili za zamani zilizojaa viraka, akaanza kumweleza mambo kwa upole.

"Droni, muthoni, ni kama kiti. Hata ukitoka, kinabaki kimesimama. Ndege ni baiskeli. Inasimama kwa sababu inakwenda. Ukiogopa ukapunguza mwendo, umeiua. Na inapokuja upande wako, mkono wa kushoto unakuwa wa kulia. Usifikirie sana. Tazama bawa lililolala, sukuma kijiti upande huohuo. Ni kama kumsaidia mlevi. Unamshika upande anaoangukia."

Mutegi akaelewa kila neno. Angeweza hata kuyaandika. Kisha akarusha, na taabu ikaanza, na taabu yenyewe haikutoka kwake peke yake.

Ndege iliinama. Nyaga akavua kofia, akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa askofu, "Muthoni wangu mheshimiwa, kama haitakuwa usumbufu, naona kana kwamba lile bawa la kushoto..."

*Paa!* Ndege ikawa chini.

Wakaibandika selotepu. Mutegi akarusha tena.

"Samahani sana, muthoni, labda ungependa kufikiria kuongeza moto kidog..."

*Paa!*

Siku ile ilianguka mara nne, na kila mara Nyaga alikuwa katikati ya sentensi ya heshima. Mutegi alimwona jasho likimtoka, taya zikimcheza. Mtu yule alikuwa na neno moja fupi la kuokoa ndege, nalo lilikuwa limefungiwa nyuma ya meno. Kumpazia sauti baba wa mume wa binti yake? Afadhali ndege zivunjike zote.

Saa sita mchana wakaketi chini ya mgunga kula githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Kwa sababu ya heshima ileile, waliketi migongo ikitazamana, kila mmoja na bakuli lake, mmoja akiangalia kilima cha Kiang'ombe na mwingine akiangalia gari. Upepo ukavuma.

"Mimi nilianza kuwaza mambo ya kuruka zamani," Nyaga akasema taratibu, akiliambia gari. "Mwaka ule Wamarekani walipokanyaga mwezi. Habari hiyo bado ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Na mimi nimelala chali ndani ya kibanda, nguo haigusi mwili, nasubiri kidonda kipone. Usiku naangalia mwezi kwenye tundu la paa. Nikasema, kama mtu ameufikia ule, mimi pia nitatoka hapa."

Mutegi aliacha kutafuna.

"Mwaka wa mwezi? Sitini na tisa?"

"Huohuo. Agosti."

"Nyaga." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina. "Mimi nilitahiriwa Agosti ya sitini na tisa. Mtoni, saa kumi na moja alfajiri, maji kama visu. Tarehe nane."

Nyuma yake bakuli lilitua chini. "Mimi tarehe kumi na tano."

Wakakaa, migongo ikitazamana, wakilipima jambo hilo. Kwa maana kama kuna heshima kubwa kuliko zote milimani, ni ya mkwe. Na kama kuna uhuru mkubwa kuliko wote, ni wa rika. Wanaume walioonja kisu msimu mmoja wanaweza kuchekana na kunyang'anyana chakula, wanaweza hata kutukanana mbele ya mvua na radi, na hakuna wa kuwashtaki. Sasa mtu mmoja akiwa mkwe wako na pia rika lako, utamshika kwa mkono gani?

"Rika lilitangulia," Mutegi akasema mwishowe. "Watoto wetu wamekutana juzi. Sisi kisu kilitukutanisha miaka hamsini na kitu iliyopita, tukawa hatujui tu."

Nyaga alifikiri. Kisha akageuka. Akazunguka kabisa juu ya nyasi mpaka wakatazamana, akachukua kijiko, akachota githeri kwenye bakuli la Mutegi, akala.

"Haina chumvi," akasema. "Kama wewe. Inuka, kichwa cha kiazi, turushe."

Alasiri ile malisho ya Mbeere yalisikia mambo.

"Moto! Ongeza moto, mzembe wewe! Unampunja nani?"

"Nimeongeza, shingo ya twiga!"

"Bawa! Bawa hilo! Lishike! Macho umeyaacha Githongo?"

"Ukinyamaza nitaliona!"

"Ukiachilia hivyo vijiti nakukata vidole! Shika! Shika kama titi la ng'ombe mkorofi!"

Wachungaji wawili waliokuwa na mbuzi ng'ambo ya korongo walisikia kelele, wakaja mbio na fimbo zao kuamua ugomvi wa wazee. Wakakuta wazee wawili wamesimama bega kwa bega, nyuso juu, wakitukanana na kucheka mpaka machozi, na juu yao ndege yenye viraka inazunguka, inazunguka, wala haianguki.

Mutegi alikuwa ameihisi ile ndege. Hakujua aiiteje hali ile. Droni alikuwa akiiagiza, nayo inatii. Kitu hiki hakikuagizwa. Kilikuwa hai vidoleni, kikivuta kidogo huku, kikilegea kidogo kule, kama ndama unayemshika kamba akiwa na furaha ya asubuhi. Upepo, ambao kwa miaka minne alikuwa ameuona kama adui, sasa ulikuwa kitu cha kuegemea. Alipoigeuza ikaja upande wake, bawa likalala, kidole chenyewe kikaenda kulishika kabla hajafikiri. Alipiga kelele kama mvulana.

Alirudi Alhamisi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, jumla Alhamisi sita. Ile ya manjano waliiunganisha upya pamoja bandani kwa Nyaga, kipande kwa kipande, wakigombana juu ya gundi. Ila jambo moja walikubaliana bila kulisema: mambo yao ya nyikani yabaki nyikani. Mambo ya rika hayasemwi mbele ya wanawake na watoto. Wakifika Kianjokoma, kofia zinavuliwa, sauti zinashuka. "Muthoni, karibu chai." "Asante sana, muthoni." Mama Rwamba aliwatazama na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, familia zote mbili zilijaa kando ya uwanja wa shule karibu na Kianjokoma, hema likiwa limepigwa pembeni. Chai ilizunguka pande tatu, na upepo baridi ulishuka kutoka mlimani. Mama Rwamba alikaa mbele, kitambaa kipya kimefungwa kwa mafundo mawili. Kirimi na Wanja walisimama mbalimbali, kama ipasavyo, lakini macho yao yalikuwa yamefungamana. Makandi alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

Mutegi akaiweka ndege ikitazama upepo. Akasukuma kijiti. Ikakimbia, ikainua pua, ikapaa.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa woga. Wa pili ulikuwa mzuri. Wa tatu aliipitisha ndege juu ya watu, chini kidogo, wanawake wakapiga vigelegele. Wa nne akailaza upande mmoja, jua la asubuhi likang'aa juu ya manjano, na wasemaji wa mahari, watu wazima wenye fimbo, wakapiga makofi kama watoto. Nyaga, kofia mkononi, akasema taratibu, "Muthoni, mitano inatosha. Betri."

Lakini mgema alikuwa amesifiwa. Mutegi akapiga wa tano, na wa sita, na wa saba. Ndege ilikuwa mbali, upande wa chini wa uwanja, upepo ukiwa nyuma yake, ndipo ngurumo ilipokatika.

Kimya. Propela ilikuwa imesimama. Betri ikibaki kidogo, ndege huzima moto yenyewe ili vibawa vya kuigeuza visikose nguvu, na Nyaga alikuwa amemweleza hilo. Lakini kichwa cha Mutegi hakikukumbuka maelezo yoyote. Kilikumbuka droni. Droni ikizimika hewani ni jiwe, basi. Aliona arusi ikishuka kutoka angani. Vidole vyake vikaanza kulegea.

"Muthoni wangu," sauti ya Nyaga ilisema kandoni, ikitetemeka kwa adabu, "samahani, kama ungeweza, ile pua..."

Mutegi alimtazama kwa pembe ya jicho. Aliona koo lile refu likipanda na kushuka. Watu sitini walikuwa wakitazama.

"Nitukane!" Mutegi akapiga kelele. "Nyaga, nitukane!"

Nyaga akatupa kofia chini.

"SHUSHA PUA, KICHWA CHA KIAZI WEWE! Shusha! Nani amekwambia imekufa? Mabawa yako yamekatika? Sukuma mbele!"

"Itaanguka!"

"Iache iteremke ipate mwendo! Baiskeli kwenye mteremko inahitaji pedali? Shusha, mzee wa uji! Sasa geuza. Polepole! Polepole nimesema, unafukuza kuku? Itazame upepo. Hapo! Hapo, mjinga wangu, hapo hapo!"

Na ndege, bila moto na bila sauti, ikaja. Mutegi hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Haikuwa na chochote cha kuishika angani ila mwendo wake wenyewe na upepo aliouchukia maisha yote ya droni, na bado iliruka. Ilipita juu ya chai kimya kama mwewe. Watu walisikia hewa tu ikipita juu ya mabawa, *fuuu*, kama mtu anayepoza chai.

"Usivute bado," Nyaga akasema. Sasa alikuwa ananong'ona. "Bado. Bado, rika langu. Sasa."

Mutegi akavuta kidogo. Pua ikainuka. Magurudumu yakagusa majani, yakaruka mara moja, yakagusa tena, na ndege ikatembea yenyewe hadi hatua tatu kutoka miguuni pa Mama Rwamba, ikasimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wamepigwa na butwaa, na si kwa sababu ya ndege.

"Nyaga," Mama Rwamba akasema. "Umemwita mtu anayeomba mtoto wako kichwa cha kiazi?"

Wanja alijishika mashavu. Kirimi alitazama ardhi. Mutegi aliona jinsi siku nzima ilivyokuwa inaning'inia, akasogea mbele na rimoti bado mkononi.

"Mama, huyu mtu aliniheshimu mara nne, na mara nne nikaanguka. Aliponitukana ndipo nikapaa. Tuliingia jandoni mwezi mmoja, mwaka mmoja, yeye mtoni kwao na mimi mtoni kwetu. Kama kuna kosa, ni letu wote wawili. Lakini ndege ile pale."

Mama Rwamba aliitazama ndege ile pale. Kisha akawatazama wazee wawili wa miaka sabini, mmoja hana kofia, mwingine nywele zimesimama kwa upepo, wote wawili wakihema kama waliotoka kukimbia. Mabega yake yakaanza kutikisika. Watu walidhani analia, mpaka kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha mwanamke aliyelea ndugu sita, na uwanja mzima ukakipokea.

"Sitini na tisa," akasema akijifuta macho. "Mwaka huo mimi nilikuwa nimeshaolewa, napeleka uji kwa hawa wavulana. Basi sikilizeni. Nilidhani nina wakwe wawili hapa. Sina. Nina wavulana wawili. Na wavulana hawakai kwenye mazungumzo ya mahari." Akageukia wasemaji. "Wenye akili tuingie hemani. Desemba iko karibu, na mimi nataka kuona arusi. Nyinyi wawili, ondokeni hapa mkacheze. Chakula kikiiva mtaitwa."

Vigelegele vikapanda hadi kwenye chai. Wanja alisahau ipasavyo na isivyopasa, akamrukia Kirimi shingoni. Makandi akapita karibu na mumewe, akamtoa jani lililokwama kwenye koti, akasema tu, "Rubani," na safari hii hakuwa anamcheka.

Hema likajaa. Sauti ya msemaji wa Meru ikasikika ikianza, kwa madaha yote, kwamba walikuwa wamepita njiani wakaona ua zuri. Huko nje, Nyaga aliokota kofia yake, akaipiga gotini kutoa vumbi, akaenda kwenye gari, akarudi na betri iliyojaa.

"Ile ya kuruka chali," Mutegi akasema, "tumbo likitazama mbingu. Hiyo nayo inafanywaje?"

"Chali! Wewe? Hata kulala chali kitandani unahitaji maelekezo."

"Nionyeshe."

Nyaga akaibana betri mahali pake, akafunga kifuniko kwa selotepu, akalowesha kidole kwa mate na kukiinua juu kuuliza upepo.

"Simama hapa," akasema. "Na shika hivyo vijiti vizuri, kiazi wewe."